Dada Chafya na Magoti ya Mama

Dada yangu anaitwa Chafya. Ana jina lake, zuri tu, alilopewa na bibi mzaa baba, lakini ukiliita pale chuoni anapofanya kazi hakuna atakayegeuka, pengine hata yeye mwenyewe. Uliza Chafya. Utaelekezwa mpaka mlangoni, na anayekuelekeza atakuwa anacheka.

Lilivyoanza ni hivi. Dada ni fundi wa mitambo ya tahadhari ya moto. Anapanda dari na kuvuta waya kama mafundi wengine, lakini kazi yake hasa ni kukaa na kompyuta na kuliambia jengo lifanye nini likinusa moshi. Mtambo wa chuo kile ulipokamilika kilibaki kitu kimoja, sauti ya kuwatoa watu nje. Alikuwa amekodiwa mtangazaji, mtu mwenye sauti nzito ya kusomea taarifa ya habari. Siku ya kurekodi mtangazaji hakutokea na simu hapokei. Wakaguzi wanakuja kesho yake, na mkuu wa majengo anazunguka chumbani kama kuku anayetafuta pa kutagia. Dada ana mafua ya wiki nzima, na vumbi lote la dari limehamia puani mwake. Akasema basi, nipeni hicho kipaza sauti.

Akasoma vizuri tu. Tahadhari. Kuna moto katika jengo. Tafadhali tokeni nje kwa utulivu. Msitumie lifti. Halafu, kabla kidole hakijaachia kitufe: haaachya.

Yeye anaapa alidhani ameshaachia. Mashine haikudhani kitu, ilirekodi. Kesho yake, mbele ya wakaguzi, spika za mabweni, maktaba, maabara na jiko kuu zikawataka watu watoke kwa utulivu, zikapiga chafya, zikawataka tena watoke, zikapiga chafya tena, na kadhalika na kadhalika. Kufikia mzunguko wa tatu, chuo kizima kilikuwa kimesimama kwenye nyasi kikijibu kwa pamoja: "Pole!"

Kufuta sasa. Hapo ndipo penye utamu. Wakaguzi walishaipitisha sauti ile pamoja na mtambo wote, na ukibadilisha hata neno moja lazima jengo likaguliwe upya, watu watolewe upya, karatasi zisainiwe upya. Mkuu wa majengo akasema chafya haijawahi kuua mtu. Ikabaki. Na kwa kuwa mama yetu ndiye matroni wa bweni la wasichana pale pale, jua halikuzama kabla naye hajawa Mama Chafya.

Sisi nyumbani tulilipokea jina hilo kwa mikono miwili. Ndugu wa kazi gani kama si kukumbushana aibu?

Siku moja nilimuuliza hiyo programu yake inasemaje hasa. Akanitazama kwa macho ya mtu aliyeamka kabla ya jogoo na bado hajapata pa kukaa. Akasema chukulia hii nyumba, siku Mama amekuja. Wewe umeunguza maharage, kama kawaida yako. Moshi ukifika kwa Mama, Mama anapiga kelele. Mama akipiga kelele, mimi nafungua dirisha. Nikifungua dirisha, jirani anachungulia. Sasa kazi yangu ni kuandika nani akisikia nini afanye nini, na jirani aambiwe kiasi gani. Basi, badala ya Mama weka pua za kwenye dari, badala ya mimi weka milango inayojifunga na feni zinazojizima na lifti inayoshuka chini na kukaa imeachama, na badala ya jirani weka majengo mengine, kwa sababu yote yameunganishwa kwa mtandao na yanaambiana. Vile vihisi moshi yeye huviita pua. Mimi nikamwambia kwa hiyo umesoma miaka yote hiyo kuandika umbea wa majengo. Hakucheka. Alikuwa ameshalala, kijiko mkononi.

Uchovu wa dada yangu ni wa kuwaza kwa niaba ya kuta. Anakula huku anawaza mlango. Ukimwambia nipitishie chumvi anauliza ya ghorofa ya ngapi.

Mwanzoni amri ya bweni la wasichana ilikuwa kali na rahisi: pua moja ikinusa, wote nje. Ukiisikia hivi unaona ni busara. Lakini wasichana wa bweni lile wana majiko madogo ya umeme chini ya vitanda, ndani ya mabegi, na moja liliwahi kukutwa kwenye ndoo ya nguo chafu likiwa bado la moto. Kupika vyumbani ni marufuku, na ndiyo maana wanapika wamefunga madirisha. Yai moja likishika kwenye sufuria ghorofa ya pili, bweni zima linateremka, wengine na mataulo, lifti imekaa chini imeachama, na dada yangu anapiga chafya juu ya vichwa vyao.

Wakachoka. Wakaanza kuzivisha pua soksi. Ukipita korido za juu ukatazama dari, unaona soksi zinaning'inia kama popo wa rangi rangi. Na pua iliyovishwa soksi hainusi yai, ila hata godoro likiwaka hainusi.

Mkuu wa majengo naye alikuwa amechoka, tatizo uchovu wake una simu. Alimpigia Dada asubuhi, mchana, akiwa bafuni, akiwa msibani. Mwishowe akasema neno lake la mwisho: mitihani inakuja, na bweni likitolewa nje bure hata mara moja wakati wa mitihani, atalikata kwenye mtandao na kulinyamazisha mpaka muhula mpya.

Mama anaishi mle. Chumba chake kiko chini, kando ya mlango mkubwa, na chumba hicho kinakuja pamoja na kazi. Kulinyamazisha bweni maana yake Mama na mabinti wote wale walale ndani ya jengo lisilo na pua. Dada alikata simu. Alirudi nyumbani, akakaa kwenye zulia la sebuleni na viatu miguuni, akafungua kompyuta.

Akaandika amri mpya, ya majaribio kwanza kabla ya kuitiwa wakaguzi. Sasa pua moja ikinusa, haipigi kelele jengo zima. Kengele ndogo inalia kwenye ghorofa ile tu, na nyingine chumbani kwa Mama, na paneli iliyo ukutani kwake inamwonyesha ni ghorofa gani. Mama anabonyeza kitufe cha nimesikia. Kuanzia hapo ana dakika tatu za kupanda, kuangalia, na kama ni yai, kubonyeza kisanduku kidogo kilichofungwa kwenye kila ghorofa karibu na ngazi, na mambo yanaishia hapo. Dakika tatu zikipita bila kubonyezwa kitu, au pua ya pili ikinusa, hapo hakuna kusubiri tena, wote nje.

Alijipima kabisa. Alitoka chumbani kwa Mama mpaka ghorofa ya juu kwa mwendo wa kawaida, akasimama njiani kufunga kamba za viatu, akafika na muda ukabaki. Alifurahi. Kwa dada yangu kufurahi ni kuvua viatu kabla ya kulala.

Ghorofa za chini zikatulia. Yai likiungua, Mama anakwenda, anabonyeza, anamsema mtu, anarudi. Lakini ghorofa ya juu ikagoma. Kila pua ya juu ilipolia, bweni zima lilitoka. Kila mara. Dada akapitia programu mstari kwa mstari akitafuta palipokosewa. Akabadilisha pua. Akabadilisha waya. Akaenda kumuuliza Mama yeye anaonaje.

"Labda kile kisanduku chako cha juu kinachelewa, mama," Mama alisema. "Vitu vya siku hizi."

Dada akabadilisha kisanduku. Bweni likatoka tena. Akamuuliza tena, Mama akasema labda na hiki nacho ni walewale. Akaagiza kingine. Kwa wiki zile alikuwa anaingia ndani ya nyumba kama nguo iliyosahaulika kwenye mvua. Nilimwambia Chafya, pumzika, akasema atapumzika akijua kwa nini ghorofa moja inamchukia. Nikamwambia pengine imesikia ulivyorekodi. Alinirushia mto, lakini kivivu, haukunifikia.

Siku aliyojua, alikuwa stoo ya bweni, ghorofa ya kwanza, juu ya ngazi ya chuma, kichwa ndani ya dari. Ilikuwa mchana. Mlango wa stoo unatazamana na ngazi za jengo, na alikuwa ameuacha wazi nusu apate hewa. Pua ya juu ikalia. Dada akashusha kichwa, akatulia pale juu achungulie. Alisema hakuwa na wasiwasi wowote. Alitaka tu amwone Mama anapita, halafu asikilize kama kisanduku kipya kitakubali.

Mama akaja. Vidato vya chini, vile vinavyoonekana kutoka mlango mkubwa ambapo wasichana huwa wamekaa wanasoma, alivipanda kimatroni: mgongo wima, funguo zinaimba kiunoni. Alipokata kona akawa mtu mwingine. Akageuka ubavu. Akashika kishikio kwa mikono yote miwili. Akaweka mguu mmoja, akauvuta wa pili akauweka pale pale kando ya mwenzake, akapumua. Mguu, mwenzake, pumzi. Kama mtoto anayejifunza ngazi, ila mtoto huwa anacheka.

Katikati ya njia akakaa chini. Mlango wa chumba kimoja ulipolia, aliinuka kwa kushika ukuta akajifanya anaokota karatasi. Hapakuwa na karatasi.

Muda ukaisha. Spika zikafunguka: tahadhari, kuna moto katika jengo, haaachya. Wasichana wakamiminika wakampita pale katikati, na Mama akaanza kuwapungia mkono, tokeni, haya, tokeni, kama mtu aliyekwisha fika juu na sasa anarudi.

Dada hakushuka kwenye ngazi yake mpaka wote walipopita, Mama wa mwisho. Aliniambia yote hayo jioni, amelala chali kwenye zulia, anatazama dari yetu ambayo haina hata pua moja. Kisha akaniuliza kama mimi sikuwahi kusikia harufu ya dawa ya kuchua chumbani kwa Mama. Nikasema niliisikia, Mama alisema ni ya shingo. Naye aliambiwa ni ya shingo. Mtu anayefundisha dari kunusa. Kwa mara ya kwanza nilikuwa na utani mzuri kabisa na sikuutoa.

Sasa Dada akawa na jengo lenye amri sahihi na mama mwenye magoti mabovu. Aliandika dakika sita mahali pa tatu, akaitazama ile sita kwenye kioo cha kompyuta. Dakika sita godoro haliulizi ruhusa. Akaifuta. Na matroni ni mtu wa kupanda, hata kwenye masharti ya kazi yake imeandikwa hivyo, kwa hiyo akimwambia mkuu wa majengo ukweli, Mama anatoka kazini na chumba kinatoka naye. Asiposema, kipindi cha mitihani kitafika, yai litaungua ghorofa ya juu, na bweni litanyamazishwa. Alilala na viatu usiku ule.

Kesho yake mchana akaenda kwa Mama. Nilikuwepo, nilitumwa kupeleka shuka zilizofuliwa, na hakuna aliyeniambia niondoke. Dada akamwamkia, shikamoo Mama, Mama akaitikia marahaba bila kuacha kukunja shuka. Dada akasimama karibu na ile paneli ukutani kana kwamba amekuja kwa ajili yake.

"Mama, kisanduku cha juu hakina ubovu."

"Nani kasema kina ubovu?"

"Wewe. Kila nikikuuliza."

"Mimi nilisema labda. Mtu mzima hakimbilii kununua vifaa kwa sababu ya labda."

Dada akasema alikuwa stoo jana. Mama akaendelea kukunja. Aliikunja ile shuka mpaka ikawa ndogo kuliko shuka inavyotakiwa kuwa.

"Hizo dakika tatu zako," akasema, "ulizipima kwa miguu ya nani?"

"Yangu."

"Basi mbona umekuja kukagua ya kwangu?"

Mimi niligundua kwamba kitasa cha mlango kinahitaji kutazamwa kwa makini sana. Mama akakaa kitandani. Akasema magoti hayo yalitubeba sisi wawili, mmoja mgongoni na mmoja tumboni, na yalipanda ngazi hizo kabla ya sisi kujua kusoma, na siku akienda kumwambia mkuu wa majengo yamechoka, atapigiwa makofi, atapewa saa ya ukutani, na kwenye kitanda hiki atalala mtu mwingine. Akauliza kama Dada ameshasema. Dada akasema hajamwambia mtu. Mama akauliza kama dakika haziwezi kuongezwa.

"Nikikuongezea wewe, Mama, na moto nimeuongezea."

Mama alitazama mlango, ambako wasichana wawili walikuwa wanapita wakibishana kuhusu chaja.

"Usiongeze," alisema. "Wale ni watoto wa watu." Kisha, kwa sauti ya mtu aliyefika mwisho wa subira yake, "Iambie hiyo mashine yako mimi sipandi. Basi. Iambie."

Alisema kwa hasira. Lakini dada yangu kazi yake ndiyo hiyo, kusikia mtu anasema jambo la namna hiyo na kuligeuza amri. Halafu akachukua shuka nyingine akaanza kukunja, na akasema polepole, kama anazungumza na shuka, sawa, kama wewe hupandi, nani yuko juu tayari?

Aliyeko juu tayari ni kiongozi wa ghorofa. Kila ghorofa ina wake, msichana mmoja mwenye chumba jirani na ngazi, ambaye mpaka siku hiyo kazi yake ilikuwa kugombana na wenzake kuhusu zamu ya kufagia. Dada akaandika upya. Pua ikinusa, kengele ndogo inalia kwenye ghorofa na chumbani kwa kiongozi, na paneli inawaka kwa Mama. Kiongozi anakwenda kuangalia. Karibu na ngazi, mahali pa kile kisanduku, kuna simu ya ukutani isiyo na namba. Ukiinua tu inalia kwa Mama. Mama amekaa kwenye kiti mbele ya paneli, na kando ya kile kitufe cha nimesikia sasa kuna viwili vipya, cha si kitu na cha ni kweli. Anauliza, anasikia, anabonyeza. Asiposikia chochote, dakika tatu ni zile zile, wote nje. Pua ya pili ikinusa, wote nje. Moto haukuongezewa kitu.

Kwa mkuu wa majengo Mama alikwenda mwenyewe, amevaa viatu vya kutokea, Dada nyuma yake kama mtoto aliyeitiwa mzazi shuleni. Nilisimuliwa. Mama hakuzunguka. Alisema magoti yake hayafiki juu kwa wakati, ila sauti yake inafika, na binti yake ana njia ya kuipandisha. Mkuu wa majengo alitazama dirishani kwa muda. Kisha akasema kwamba daktari alimkataza ngazi tangu mwaka juzi, na ndiyo sababu ofisi yake ilihamia chini. Watu wote walidhani ilihama kwa sababu ya hewa. Akasema wakaguzi wakiipitisha amri hiyo kabla ya mitihani, yeye hana neno. Wasipoipitisha, analinyamazisha bweni na muhula mpya anatafuta matroni mwingine, na asilaumiwe.

Na kwa kuwa bweni lingekaguliwa upya, ikawa sauti nayo inaweza kubadilishwa. Nilimwambia Dada sasa shika mchanga uombe, Chafya anazikwa leo. Alikaa mbele ya kipaza sauti, akatazama maneno yake, akasema hana nguvu hata ya kusema tahadhari. Akamsukumia Mama.

Mama aliishika karatasi mbali na macho, maana miwani ilikuwa imebaki ndani. Akaileta karibu. Akaiweka chini. Akasema ya kwake: "Wanangu, kuna moto. Acheni kila kitu mtoke sasa hivi. Shukeni kwa ngazi, lifti msiiguse. Nawahesabu mlangoni."

Dada akamwambia wakaguzi wanapenda neno utulivu. Mama akasema wakisikia anawahesabu watatulia wenyewe.

Jaribio lilifanyika siku chache kabla ya mitihani, mchana. Mkaguzi mmoja alipanda mpaka juu na kopo lake la moshi wa majaribio, mwenzake akakaa chini chumbani kwa Mama, na mkuu wa majengo akasimama mlangoni, mikono nyuma, hataki kukaa wala kuondoka. Dada aliegemea ukuta. Mama alikuwa kwenye kiti, miwani usoni, mikono magotini. Dada aliniambia hakutazama paneli hata kidogo, alitazama ile mikono.

Taa ya ghorofa ya juu ikawaka. Mama akabonyeza nimesikia. Kisha kimya, na kimya hicho kikawa kirefu, maana kiongozi wa ghorofa ya juu ni mwanafunzi wa uuguzi, msichana mrefu anayefanya kila kitu kwa mwendo wa dripu. Mkuu wa majengo akakohoa. Simu ikalia.

"Mama, kuna moshi."

"Moshi wa nini?"

"Wa baba mmoja ana kopo."

Mkaguzi wa chini alifunika mdomo kwa faili. Juu kukasikika mnong'ono, na yule msichana akarudi kwenye simu akasema baba mwenyewe anasema ahesabiwe kuwa ni moto.

"Basi ni moto," Mama akasema, na akabonyeza.

Watu waliokuwepo wanasema hawajawahi kuona bweni likitoka namna ile. Hakuna aliyecheka, hakuna aliyerudi kuchukua simu. Ile sauti ilikuwa inatoka kwenye kila kona ya dari, ghorofa zote kwa wakati mmoja, Wanangu kuna moto, na kila mtu akajiona amekutwa na kosa lake binafsi. Wawili walitoka na majiko yao ya umeme wakayaweka mbele ya Mama mlangoni, wakidhani ndiyo yanayotafutwa. Naye Mama alikuwa amesimama pale kweli, anahesabu, hatua tano tu kutoka kwenye kiti chake.

Na ng'ambo ya nyasi, kwa sababu majengo yanaambiana na sauti ya majengo mengine haikuguswa, maktaba ikawataka watu watoke kwa utulivu na ikapiga chafya. Wasomaji wakatoka wakijibu pole.

Mkaguzi alisaini akiwa amesimama, karatasi kwenye paja. Alimuuliza Dada kama hataki na ile nyingine aifute, wakija kukagua maktaba. Dada akafikiria maktaba, maabara, jiko kuu, ngazi ya chuma, dari, vumbi, simu za mkuu wa majengo.

"Iache tu," akasema.

Soksi zilianza kushuka zenyewe wiki ile ile. Hakuna aliyeamrisha. Ni kwamba sasa yai lako likiungua hutolewi nje na bweni zima, unagongewa na kiongozi wako, kule juu yule wa dripu, anasimama mlangoni, anakutazama polepole, halafu anainua simu na kukusema kwa Mama. Wengi wakaona afadhali wapike jikoni. Mama ana kikapu cha soksi pembeni ya kiti, zote hazina wenzake, na hakuna anayekuja kuzidai.

Magoti ni yale yale. Dawa ya kuchua sasa iko mezani wazi. Mitihani ilikwisha bila bweni kutoka bure. Mkuu wa majengo hakupiga simu kwa siku mbili mfululizo, na Dada alizitumia zote kulala pale pale kwenye zulia, safari hii bila viatu. Siku ya tatu simu ikalia. Mvuke wa jiko kuu umezitoa maabara nje. Alikaa, akatafuta kiatu kimoja kwa mguu huku amefumba macho, akaniuliza mwenzake yuko wapi. Nilimwambia wa jengo gani. Alicheka kidogo sana, akaenda.

Haya, mimi nimeshamwaga ya ndugu yangu, na akisoma hii nitatolewa nje bila utulivu. Zamu yenu. Nani kwenu ana jina la aibu lililomganda kazini, na lilimgandaje? Na yupi nyumbani kwenu alikuwa anapanda ngazi kwa ubavu mahali ambapo hakuna anayemwona, mkaja kujua baadaye? Andikeni hapo chini, nitasoma zote. Majina halisi wekeni mfukoni, la utani peke yake linatosha.